Jeshi la Wapishi

Hadithi hii aliisimulia kwanza bibi yetu mzaa baba, Kobe Masika, siku shangazi Tabu alipoletewa posa, mwaka ule mvua za vuli zilipokosekana mara ya pili. Wageni walibisha hodi, na ukoo mzima wa Kobe, pamoja na mposwa mwenyewe, ukaingiza vichwa ndani. Wageni wakabaki uani wakisalimiana na magamba. Walipokwisha kwenda zao, Bibi alitukalisha, akasema, "Mnadhani leo ndiyo mara ya kwanza?" Ndipo akatueleza habari za kitengo cha mashtaka cha ujana wake. Nimeandika kama alivyosema. Palipo na aibu nimeiacha, kwa kuwa ni yetu.

Enzi hizo za ujana wa Bibi kulikuwa na ukame, na kabla ya ukame kulikuwa na vita. Fisi na genge lake walikaa milimani miaka mingi, wakishuka kuvamia watoto wa wanyama wadogo. Ukame ukafanya kile ambacho Simba hakuweza. Maji ya milimani yalikauka, na genge likashuka lenyewe, mikia chini, kuomba nafasi kwenye dimbwi la Mgunga, ambalo ndilo pekee lililobaki na maji.

Simba alipenda ionekane kwamba yeye ndiye aliyewashusha. Akapanda juu ya jiwe, akatangaza kwamba kila atakayesaga kucha zake hadharani ataruhusiwa kunywa. Waliotumwa watasamehewa. Aliyewatuma, yule aliyetoa amri ya kuchukua watoto, atashtakiwa na kufukuzwa dimbwini. Na kwa kuwa mfalme hawezi kuinama kuchunguza nyayo, kiundwe kitengo cha mashtaka.

"Nani atakiendesha?" akauliza.

Pundamilia akasema ana mimba. Ngiri akasema ana jipu. Tembo akasema angekubali, ila kila mtu anajua yeye hulia upesi.

"Ukoo wa Kobe," akasema Sungura. "Hawakumla mtu, wala hawakuliwa. Hawana upande."

Wanyama wakacheka. Sisi nasi tukacheka, na tulipomaliza kucheka tulikuwa tumekwisha kuteuliwa.

Sungura alikuwa na sababu yake. Fisi alikuwa amemwahidi nafasi ya kunywa mbele ya wote, naye akawa wakili wake. Tena Sungura alitujua.

Kitengo kilikuwa Bibi Masika, wakati huo hajaolewa, na kaka yake Kigae. Fisi na wenzake walisaga kucha, wakapanga foleni, na Kigae akaanza kazi.

"Wewe, huko milimani ulikuwa nani?"

"Mpishi, mzee."

"Na wewe?"

"Mpishi."

"Na wewe wa sikio moja?"

"Mimi nilikuwa namkatia mpishi vitunguu."

Hata Fisi mwenyewe, mwenye shingo kama gogo, aliinama kwa adabu akasema alikuwa mpishi, tena wa uji.

"Jeshi zima la wapishi!" Kigae akamaka. "Sasa nani alikuwa akipigana?"

Hapo Sungura akapiga mguu chini, pu! Kigae akaingia ndani. Masika akaingia ndani.

"Waheshimiwa mnaona wenyewe," Sungura akawaambia watazamaji. "Upande wa mashtaka umejiondoa. Tuahirishe."

Wakaahirisha. Kesho yake alipiga mguu tena, wakaahirisha tena. Ikawa ndiyo kazi ya kitengo: kuuliza, kupata mpishi, kuingia ndani.

Aliyeumia ni Digidigi, ambaye wote walimwita Mama Kidoti. Kidoti alikuwa mwanawe wa pekee, na genge lilimchukua kabla ya ukame. Tangu genge liruhusiwe dimbwini, Mama Kidoti hakunywa tena pale. Alilamba umande kwenye majani, na majani yenyewe yalikuwa yanakwisha. Kila asubuhi alifika kwenye kitengo, mbavu zikihesabika.

"Wanangu, mmefika wapi?"

"Tumefika kwa wapishi, mama," Masika humjibu.

"Kanywe maji, mama," Kigae humwambia. "Utakufa."

"Nikiinama kunywa, nitajuaje aliyeinama kando yangu ni nani?"

Simba naye alichoka, maana kitengo kilikuwa hakijamletea sifa yoyote. Akasema mwezi ukiandama bila kupatikana wa kushtakiwa, kitengo kivunjwe, wote wanywe, na habari za watoto zisitajwe tena.

Ilipobaki siku moja, Masika alipata wazo ambalo angelipata Kobe peke yake. Kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajala. Hata mwizi akikamatwa shambani kwetu hupewa chakula kwanza, ndipo aulizwe alikuwa anachimba nini.

"Kaka, tumekosa adabu," akasema. "Muda wote huu tumewauliza watu wenye njaa. Ndiyo maana hawasemi."

Kigae akaona ni kweli kabisa. Nyati mmoja mzee alikuwa amekufa kwa kiu, wakampika katika chungu kikubwa. Habari zikaenea, na nyika nzima ikashika mbavu: kitengo cha mashtaka kinawafanyia washtakiwa karamu!

Mama Kidoti akaja, akakiona chungu. "Mnawapikia?"

"Ndiyo desturi yetu, mama."

"Na mwanangu, walimpika?"

Masika akainamia chungu. Akaendelea kukoroga.

Pembeni, Sungura alikuwa akimnong'oneza Fisi. "Leo ule mwisho. Hata roho ikikutoka, ule mwisho."

"Mwisho? Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mpishi wa uji, ndugu yangu!"

"Sawa, sawa," Fisi akajibu, mate yakimtiririka hadi kifuani.

Simba akaketi juu ya jiwe lake, chungu kikateguliwa, na genge likakizunguka. Sungura, kwa mazoea tu, akapiga mguu. Kitengo kikaingia ndani.

Aliye ndani ya gamba huona kidogo. Masika aliona midomo na chungu, basi. Aliona midomo ikidondosha mate, na hakuna hata mmoja unaosogea. Fisi hao! Watu wanaogombea ukanda wa kiatu! Mkubwa wao akatazama mbingu, akamtazama Sungura, kisha akatumbukiza uso wote chunguni.

"Hawa wengine wanangoja nini?" akauliza Mama Kidoti.

Sungura akacheka haraka. "Anaonja chumvi, mama! Si niliwaambia ni mpishi? Mpishi huonja kwanza."

"Si wote ni wapishi?" sauti ikatoka ndani ya gamba. "Basi waonje wote." Alikuwa Masika. Bibi husema kama kichwa chake kingekuwa nje, asingethubutu.

Hakuna aliyeonja.

"Karibuni, wageni wetu," Kigae akasema, naye akiwa ndani. Hakuna aliyesogea.

Simba hakuzoea kuona watu wakikaribishwa mbele yake wasitii. "Kuleni!" akanguruma. Mmoja akajikojolea, lakini hakuna mdomo uliogusa nyama. Wote walikuwa wanamtazama Fisi.

Fisi akakereka kutazamwa anapokula. "Haya, kuleni basi!" akasema, mdomo umejaa.

Kufumba na kufumbua, chungu kikabaki kitupu.

Simba akashuka jiweni. "Mimi nimenguruma, hawakunisikia," akasema polepole. "Wewe umesema na mfupa mdomoni, wamesikia."

"Mheshimiwa, mimi mpishi—"

Fisi akageuka kumtafuta wakili wake. Sungura alikuwa amekumbuka shughuli nyumbani.

Yule wa sikio moja ndiye aliyesema. "Hata maji tulikunywa kwa amri yake." Kisha akamgeukia Mama Kidoti, asiweze kumtazama usoni. "Mama, mwanao yuko korongoni, chini ya mkwaju uliopigwa na radi. Mkubwa alikula, akatuambia tuiache mifupa hapo."

Mama Kidoti akaenda korongoni peke yake. Aliporudi, Fisi alikuwa amekwisha kufukuzwa kuelekea milima mikavu. Akapita katikati ya wanyama wote, akafika dimbwini, akainama, akanywa. Alikunywa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Simba alikipa kitengo jina lake mwenyewe. Watu walianza kutusifu kwa akili, nasi tukaanza kuzoea, mpaka Bibi akatukataza. "Tulimpa chakula tukajificha," husema. "Fisi alikamatwa na tumbo lake na ulimi wake mwenyewe. Sisi tulikuwa wenye chungu."

Simba alikufa, na mwanawe anasema kitengo kilikuwa wazo la baba yake. Fisi alikufa milimani kwa kiu. Mama Kidoti alikufa baada ya mvua kurudi, na amezikwa chini ya mkwaju ule. Sungura yu hai, anatoa ushauri. Yule wa sikio moja yu hai pia, naye sasa ni mpishi kweli, wa harusini. Babu Kigae aliingiza kichwa ndani masika ya mwaka juzi, na tulingoja sana kabla ya kukubali kwamba safari hii hakuogopa kitu. Bibi Masika yu hai. Asubuhi ya leo nimebisha hodi kwake, na mpaka ninapoandika hapa bado hajatoa kichwa.