Kiti Kimoja cha Gari la Mbio

Hadithi na ije, utamu ubaki nje, maana hii imenichosha na sijapata wa kunitua mzigo.

Dada yangu wa Mbeya ana watoto watatu. Tumpe, kitinda mimba, ana mwili unaosikia gari: atakwambia ni gurudumu lipi limekanyaga jiwe. Ambakisye, wa kati, ana kichwa cha mitambo. Tusekile, mkubwa, ana mikono mitulivu. Hata akikasirika, chai yake haimwagiki.

Chama cha mbio za magari kilileta mashine ya kuigizia udereva: usukani, pedali, skrini, na kiti kinachotikisika kila gari la kwenye skrini linapopita shimoni. Familia itakayoimaliza njia ya mlimani ndani ya muda uliowekwa itatoa mtu mmoja akafundishwe kuendesha gari la kweli. Mmoja tu! Na wote watatu waliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona.

Gari lao la kwenye skrini lilikuwa na adabu mpaka kwenye tuta fulani kabla ya kona. Hapo liliruka, likaserereka, likabingirika. Kila siku, kona ileile! Mashine iliruhusu kurekebisha vipuri vya gari hilo, basi Ambakisye akakaza springi, gari likaruka kama mbuzi. Akazilegeza, likaburuza tumbo.

Tumpe akasema, "Kaka, springi ziache. Nyuma ndiyo inarushwa. Gurudumu la kulia linaachia ardhi kwanza."

"Umeliona wapi? Kwenye skrini halionekani."

"Nimelisikia makalioni!"

Ambakisye akacheka. Tumpe akaipiga teke pedali, akaapa hatakikalia tena kile kiti, na kweli hakukikalia.

Ambakisye aliendelea kubadilisha hiki na kile mpaka akaishiwa, ndipo akayakumbuka maneno ya mdogo wake. Akawaza: gari linarushwa kwa sababu springi inarudi kwa pupa, na wa kuituliza ni shokomzoba. Akazikaza shokomzoba za nyuma, ya kulia zaidi kidogo. Akaendesha mwenyewe, tuta akalipita salama, akashangilia, akagonga mti kwenye kona iliyofuata.

"Toka hapo," akasema Tusekile. Alikuwa amekereka kuliko wote, kwani wiki nzima alikuwa akiwasuluhisha tu. Akakaa, akashika usukani. Tuta akalipita, kona akaikata, ule mti akauacha ulipo, akamaliza ndani ya muda.

Furaha haikufika hata jioni.

"Mjomba, bila mimi wangekuwa wanabingirika mpaka leo," Tumpe akaniambia.

"Kusikia ugonjwa si kutibu, Mjomba," akasema Ambakisye.

"Na dawa bila mtu wa kuinywa?" akauliza Tusekile. "Nani alifika mwisho?"

Dada yangu kakataa kuamua, kanitupia mimi. Chama kinataka jina kesho. Nikiwauliza majirani, wananiambia kidole kimoja hakivunji chawa. Najua! Lakini kiti ni kimoja, na hakikaliwi kwa zamu. Nimewaza mpaka kichwa kinaniuma, na nyumbani kwa dada yangu watatu hao hawasalimiani tena.

Basi wewe unayetikisa kichwa kana kwamba jambo ni jepesi, sema: ungempa nani? Na ukishalitaja hilo jina, wale wawili ungewaambia nini?