Karani Aliyekumbuka Baada ya Hukumu

Wapendwa, kaeni. Najua mmechoka, na mimi nimechoka. Leo sitapaza sauti. Nitawasimulia habari ya kutunga, halafu tuulizane maswali mawili matatu, twende nyumbani.

Kulikuwa na mama mmoja, karani wa masjala katika ofisi inayosajili vyama vya siasa. Nchi sitaitaja. Alikuwa amefanya kazi ile miaka ishirini na sita: kupokea barua, kuzigonga muhuri, kuziandika kwenye daftari la mapokezi. Nyumbani alikuwa na mume aliyepigwa na kiharusi. Kila asubuhi kabla ya kazi alimgeuza, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, kisha akaondoka. Jioni alipompeleka zahanati ya kata kunyooshwa viungo, wauguzi walikuwa wakimpokea kwa jina. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakuyalalamikia.

Mwaka ule serikali ikatoa amri. Kila chama kilete orodha ya wanachama wake upya, wilaya kwa wilaya, kabla ya mwisho wa mwezi, kisicholeta kifutwe. Vyama vidogo vikaanza kuanguka kimoja kimoja. Watu waliona, wakaguna, wakaendelea na shughuli zao. Si ndivyo tulivyo?

Jumanne moja asubuhi, siku tatu kabla ya mwisho, akaingia mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa chama kimoja cha upinzani. Amebeba viroba viwili vimejaa madaftari. Alikuwa ameizunguka nchi miezi miwili kukusanya zile saini. Akaviweka chini, akaegemea ukuta, akasema, "Mama, naomba maji kwanza. Mambo ya siasa baadaye."

Yule mama akacheka, akampa maji. Akapokea madaftari yote, akayagonga muhuri, akaandika tarehe. Ila mashine ya kutolea nakala ilikuwa mbovu, akamwambia mwalimu arudi wiki ijayo kuchukua nakala yake.

Wiki iliyofuata viroba havikuwepo. Ule ukurasa wa daftari la mapokezi ulikuwa umechanwa. Na barua ya kukifuta chama ilikuwa mezani, inasubiri maelezo ya karani kwamba hakupokea kitu.

Akaenda kwa mkubwa wake. "Mzee, hawa walileta. Nilipokea mimi mwenyewe."

Mkubwa akavua miwani, akajifikicha macho. "Mama, usidhani mimi nafurahi. Na mimi nimeagizwa." Akarudisha miwani. "Kuna ofisi yetu kule mpakani inahitaji karani. Safari ya siku mbili kwa basi. Mgonjwa wako atakaa na nani?"

Wapendwa, ningependa kuwaambia kwamba yule mama alisimama akakataa. Hakukataa. Alimwona mumewe kitandani, amelala upande mmoja toka asubuhi hadi usiku bila mtu wa kumgeuza. Akachukua kalamu, akasaini shingo upande. Nani kati yetu atamrushia jiwe?

Mwalimu akaenda mahakamani kwa jina la chama chake, na akaomba karani aitwe shahidi. Mama akala kiapo. Jaji, mtu mpole, akamuuliza, "Mama, madaftari ya chama hiki yaliletwa kabla ya tarehe ya mwisho, au hayakuletwa?"

Alikumbuka viroba. Alikumbuka vumbi kwenye viatu vya mwalimu, na jinsi alivyokunywa yale maji kwa pumzi moja.

"Mheshimiwa, sikumbuki."

"Jaribu kukumbuka. Zaidi ya maelezo uliyosaini, hapa hakuna ushahidi mwingine."

"Sikumbuki, mheshimiwa."

Chama kikafutwa. Pale nje mwalimu akampita kwenye ngazi, akamsalimu kama kawaida, akaenda zake. Laiti angemtukana, mama angelala usiku ule.

Uchaguzi ukafika. Katika kata yao jina lilikuwa moja, na diwani akapita bila kupingwa. Hata sherehe hazikuwa nyingi; watu hawakuwa na hamu. Mwezi wa nne baraza likakaa, likaamua ile zahanati ya kata ifungwe na jengo lake liwe ofisi ya mambo mengine. Mama akasikia habari hiyo akiwa anamvisha mumewe viatu. Akaenda kwa diwani.

"Mheshimiwa, wagonjwa wetu tuwapeleke wapi?"

"Baraza limeshaamua, mama."

"Hakuna hata mmoja aliyepinga?"

Diwani akamtazama kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa anamdhihaki. "Apinge nani, mama? Mle ndani sote ni chama kimoja."

Mama akatoka pale akatembea kwa miguu mpaka kwa yule mwalimu. Alimkuta uani, anafuta viti vya plastiki vilivyokuwa vya ofisi ya chama, awarudishie wenyewe waliovichanga. Mama hakukaa. Akasema, "Mwalimu, nakumbuka. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Ulileta viroba viwili, ukaniomba maji."

Mwalimu akaendelea kufuta kiti. "Nilijua unakumbuka."

"Niko tayari kusema. Wanihamishe, wanifunge, potelea mbali. Kesho twende mahakamani, kesi isikilizwe upya."

Hapo mwalimu akakiweka kiti chini, akakikalia. Alikuwa amezeeka. "Mama, tutakwenda kama nani?"

"Kama chama chako. Si ndicho kilichoshtaki?"

"Chama kilichoshtaki hakipo. Kimefutwa. Mahakama haisikilizi ombi la asiyekuwepo." Akamtazama bila hasira yoyote. "Siku uliyoulizwa, ulikuwa umeshika mlango ungali wazi. Leo una ukweli mkononi, na hakuna mtu wa kumpa."

Wapendwa, habari inaishia hapo. Zahanati ilifungwa. Sina mwisho mwingine wa kuwapa.

Sasa, sisi. Tumezoea kusema serikali imefanya hivi, serikali imefanya vile. Ni kweli, na waliotoa amri ile watajibu mbele za Mungu. Lakini ile barua iliandikwa na mtu. Ukurasa ulichanwa na mtu. Watu hao wanakaa wapi? Wanakaa kwenye mabenchi kama haya. Wana wagonjwa nyumbani, wanaogopa, wamechoka, na Jumapili wanaimba vizuri.

Msidhani nawasema ninyi peke yenu. Mwaka juzi nililetewa karatasi niisome hapa madhabahuni, inayosema wafuasi wa chama fulani ni maadui wa amani. Nilijua si kweli. Wengine wao niliwabatiza mimi. Nikaisoma. Nilijiambia ni tangazo tu, kama matangazo ya vikundi vya akina mama. Mlinisikiliza, na hakuna aliyeinuka. Tulisaini pamoja siku ile, ninyi na mimi.

Wala sisemi mpende chama hiki au kile. Mwalimu yule huenda angetawala vibaya, sijui. Nasema anayetupinga anapofutwa, hatubaki na amani. Tunabaki na baraza la watu wanaonyoosha mkono pamoja, na siku jambo baya litakapofika mlangoni kwetu, tutatafuta mtu wa kusema hapana, tusimwone.

Wiki hii mmoja wetu ataulizwa jambo alilolishuhudia kwa macho yake. Pengine ofisini, pengine barazani, pengine mbele ya askari. Atatamani kusema hakumbuki. Ndugu yangu, jibu siku hiyohiyo, wakati yupo bado mtu wa kukusikia.

Tuinuke. Nitaomba kwa ufupi, maana na mimi nina la kutubu.