Uzi wa Mwenye Kioo

Moyo unaokwenda wenyewe hufanya mambo ambayo moyo uliofungwa hauyawezi, hata ukifungwa kwa hariri. Jambo hilo lilimfika binti mmoja fundi cherehani, ambaye kwa wembamba wa kiuno na ukali wa ulimi watu walimwita Nyigu.

Nyigu alishona katika chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni. Humo mlikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu cha kujipimia nguo. Chumba hicho kilikuwa na desturi yake. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, fundi alimwuliza mwenye kitambaa mara tatu, "Nikate?" naye hujibu mara tatu, "Kata." Shangazi alisema kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa jora zima, kwa hiyo mwenyewe aseme kwa kinywa chake.

Ndani ya kioo aliishi jini, kijana mwenye sauti ya upole, aliyejitokeza kwa Nyigu peke yake. Tusimsingizie, alikuwa na wema wake. Siku Nyigu alipoumwa macho, alikuta sindano zote zimeshatungwa uzi. Baridi ilipozidi, kioo kilitoa joto mpaka vidole vyake vikakunjuka. Naye Nyigu, ukweli usemwe, akaanza kushona akielekea kioo badala ya dirisha.

"Tumeandikiwa," jini alimwambia siku moja. "Mambo haya hayachaguliwi."

Tangu hapo Nyigu akawa kama kuku anayetaka kutaga. Alikanyaga pedali bila kitambaa, akafumua mishono iliyokuwa mizuri. Kila alipotoka na kufika kona ya barabara, kidole chake cha pete kilivutwa nyuma kana kwamba kimefungwa uzi. Alijaribu asubuhi, akajaribu mchana, hata mbio alijaribu. Kila mara alirudi chumbani akihema, asijue kama anarudi kwa kupenda au kwa kuvutwa. Hilo ndilo lililomkosesha raha, maana alimpenda jini, lakini je, ni yeye mwenyewe aliyependa?

Shangazi alidhani dawa ya mahangaiko yale ni ndoa. Akamtaja muuza vitambaa, mtu mpole ambaye kila akipima humwongezea mteja upana wa kiganja. Nyigu akakiri kwamba mtu yule hana kosa, ila yeye hajaulizwa.

"Nimeulizwa mimi kwa niaba yako, mwanangu."

"Kitambaa cha mtu tunauliza mara tatu, shangazi. Mimi hata mara moja?"

Shangazi akainua birika. Akamsogezea kikombe cha chai, wala hakumtaja tena muuza vitambaa. Kwa shangazi yule aliyepaka maneno kama siagi, kunyamaza kulikuwa zawadi kubwa.

Kesho yake asubuhi Nyigu alikuta gauni jeupe la harusi limetundikwa mbele ya kioo. Jini alikuwa amelishona mwenyewe. Alipolipima lilimkaa kama ngozi, hakuna pindo lililopinda.

"Nani alisema kata?" akauliza.

Jini akababaika. "Nakijua kipimo chako."

"Kipimo unakijua. Jibu langu hulijui. Na huu uzi kidoleni, umeandikwa au umeufunga wewe?"

Kioo kikafifia. "Nimeufunga mimi," jini akasema mwishowe. "Niliogopa usingerudi."

"Basi hutajua kamwe kama ningerudi. Fungua."

Jini akamweleza kwamba akiufungua hataweza kumfuata popote. Nyigu akanyoosha kidole. Jini akaufungua huku akilia. Angeweza kukataa, na hakukataa. Huo nao tuuhesabu kuwa wema.

Nyigu akamuaga shangazi, akaipita kona. Hakuna kilichomvuta. Alikwenda kwa rafiki aliyejifunza naye ufundi, akashona huko siku nane, akacheka, akala akashiba. Siku ya tisa akajikuta amegeuza cherehani kuelekea kioo kidogo cha ukutani, kisicho na mtu ndani. Akakitazama kidole chake. Kilikuwa kitupu. Basi akafunga mzigo wake.

Alirudi na kitambaa cha kijani alichokichagua mwenyewe, kwani nyeupe haikuwahi kumpendeza. Akakitandaza mbele ya kioo na kuweka mkasi juu yake. Jini, aliyekuwa amekonda kama utambi, akaelewa.

"Nikate?" akauliza.

Nyigu hakuwa na haraka. Alinyoosha mkunjo mmoja, kisha mwingine. Shangazi aliyekuwa mlangoni akaisikia sauti ile kwa mara ya kwanza. Akataka kuingia, lakini alipouona uso wa binti yake, akauvuta mlango taratibu na kuwaachia chumba chao.

"Kata."

"Nikate?"

"Kata."

"Nikate?"

"Kata," Nyigu akasema, "na mikono iwe mirefu. Mwenye kuivaa ni mimi."

Uzi ule ulimrudisha Nyigu mara nyingi, lakini haukuwahi kumrudisha na jibu. Siku aliyokuja bila uzi ndiyo aliyokuja nalo. Hakika, hiari yashinda utumwa.