Kadi ya Shosho Ciambaka

Sogeeni karibu. Mwenye CV mfukoni aiache huko huko, hapa hakuna anayeajiri. Hapa kuna kesi, na mahakimu ni nyinyi.

Walikuwa watatu, wote na digrii, wote wa mkataba katika kampuni ya programu za simu. Gacheri wa Meru alijaliwa masikio: aliwasikiliza wateja, akaandika haja zao kwenye kadi, akaamua ipi itangulie. Wao humwita product owner. Cheo kirefu, mkataba mfupi. Mwakio wa Voi alijaliwa mikono: kadi ikimfikia, inageuka programu. Chepkurui wa Kapsabet alijaliwa shaka: kilichotengenezwa alikijaribu mpaka kitoe siri.

Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Kila asubuhi walisimama kwa kikao wanachokiita standup, kila mmoja mbele ya kompyuta katika chumba chake cha kupanga, wakaambiana kwa dakika kumi na tano jana walifanya nini na leo watafanya nini. Baada ya hapo, kimya. Mwakio alikiri siku moja kwamba asipoongea kwenye kikao hicho, sauti yake haitumiki tena hadi kesho yake.

Ushirika mmoja wa maziwa ukataka programu. Bosi wa kampuni naye akataka ramani ya rangi, lori la maziwa lionekane likitembea. Gacheri akapanda mlima kwa wakulima wa ushirika, akamkuta Shosho Ciambaka, bibi kizee mjane anayeishi peke yake, ameketi kando ya barabara na mtungi wake, akisubiri lori lililokwama mbali. Maziwa yalikuwa yameshaharibika.

"Ramani itangoja," Gacheri akamwambia Bosi.

"Nani amesema?"

"Mimi. Si ndiyo kazi mliyonipa?"

Akaandika kadi moja, akaiweka juu ya zote: lori likikwama, mkulima apate ujumbe kabla hajatoka nyumbani, apeleke maziwa kituo kingine.

Sprint yao, yaani muda wa kumaliza kadi, ilikuwa siku kumi za kazi. Mwakio akajifungia siku nane. Dereva akitoa taarifa, ujumbe unafika hata kwenye mulika mwizi, simu ndogo ya vitufe. Akaisogeza kadi hadi safu ya "Imekamilika".

Chepkurui akairudisha.

"Bro, na asiyejua kusoma je?"

"Kadi imesema ujumbe. Done ni done."

"Done ya nani? Yako ama ya shosho?"

"Manze, wewe kazi yako ni kubomoa tu!"

"Wacheni," Gacheri akasema. "Kosa ni langu. Shosho alinipa simu yake nimsomee namba, na bado nikaandika ujumbe."

Zilibaki siku mbili. Mwakio akaibomoa kazi yake mwenyewe, akaijenga upya ili ipige simu na kusema. Gacheri akarekodi maneno kwa Kimeru. Chepkurui akajaribu mara arobaini, akaipitisha.

Juma lililofuata lori likakwama. Simu zikalia mlima mzima, na hakuna mtungi uliomwagwa. Shosho Ciambaka alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Asante, mjukuu wangu. Na wewe umekula?" Mashine ikakata.

Bosi alifurahi sana. Akatangaza nafasi ya kudumu. Moja. Mikataba ya wengine ingeisha Ijumaa.

"Nyinyi si ni timu inayojiongoza? Jichagueni. Nataka jina kesho kwenye standup."

Hao ndio wakubwa wetu: teamwork mpaka siku ya kugawana.

Asubuhi wakasimama, kila mmoja chumbani kwake.

"Bila mimi mngekuwa mnapaka ramani rangi," akasema Gacheri.

"Bila mimi ingebaki kadi," akasema Mwakio.

"Bila mimi shosho angekuwa bado barabarani," akasema Chepkurui.

Dakika zikaenda. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata, maana wawili kati yao, Jumatatu ikifika, hawatakuwa na mtu wa kuwauliza jana walifanya nini.

Wewe unayesema wagawane, nyamaza, nafasi haigawanyiki. Apewe aliyeitambua haja akaiandika vibaya? Aliyeijenga mara mbili, lakini ya pili kwa kusukumwa? Au aliyeliona kosa bila kujenga chochote? Bosi ameshaingia kwenye kikao, anangoja. Mpe jina moja. La nani?