Bafu la Askofu

Yupo mzee mmoja wa kanisa aliyejenga nyumba ya ghorofa. Msihangaike kugeuka nyuma kumtafuta, si wa usharika huu. Mzee huyo aliambiwa kwamba askofu akija kwa ajili ya kipaimara atalala kwake. Akaamua kumtengenezea bafu juu, kando ya chumba cha wageni. Chini ya bafu hilo palikuwa na chumba cha mama yake mzazi, ambaye ngazi zilikuwa zimeshamshinda.

Fundi akaja. Akaiweka sakafu ielekee kwenye tundu la kutolea maji, akapaka dawa ya kuzuia maji, akabandika wavu kwenye pembe za ukuta, akapaka tena. Kisha akaziba tundu kwa kitambaa, akajaza maji kina cha vidole vitatu, akafunga mlango.

"Tunayaacha siku tatu," akamwambia mzee. "Yasiposhuka, ndipo tunaweka marumaru."

Siku ya pili wakafungua. Maji yalikuwa vidole viwili.

"Yamekauka," mzee akasema. "Si unaona joto hili?"

"Chumba hiki hakina hata dirisha, mzee. Joto limepita wapi?"

"Basi sakafu imekunywa kidogo. Hata wewe ukitoka kazini si huwa unakunywa?"

"Mimi nikinywa naenda kulala kwangu. Haya maji yanakwenda kulala kwa mama yako. Nipe siku nne nirudie."

"Askofu anafika Jumamosi. Nimpe beseni akaoge uani? Weka marumaru. Zenyewe zitazuia."

"Marumaru hazizuii maji, mzee. Zinapendeza tu. Maji yanapenya kwenye maungio. Kinachozuia ni hiki cha chini, ambacho hakuna mgeni atakayekiona."

"Nimekusikia. Weka."

Fundi akaweka. Askofu akafika, akaoga, akasifu. Baada ya hapo kila mgeni wa usharika alilazwa nyumba ile. Wanakwaya walipopita kusalimia walivua viatu, wakapanda kuliangalia bafu.

Mwaka wa pili, kwenye dari la chumba cha mama, juu ya kitanda, kikatokea kidoa cha unyevu, ukubwa wa kisosi. Mzee akakipaka rangi nyeupe. Kikarudi, safari hii kama sinia. Akapaka tena, kwa mkono wake, ili fundi wa rangi asije akaona. Mwaka wa nne plasta ikaanza kudondoka vipande vipande juu ya chandarua, na kila asubuhi mama alikuwa anakikung'uta. Mwaka wa tano nondo ikaonekana, imekula kutu.

Sasa nisikilizeni hapa. Mzee alikuwa anaogopa. Kiti kikiburutwa huko chini, mkono wake ulisimama na kijiko hewani. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo wala haimbi. Na tangu nondo ionekane, yeye mwenyewe hakuoga tena bafu lile. Alichota ndoo, akaenda kuoga uani, akamwambia mkewe kwamba maji ya juu yanamwasha ngozi. Mtu aliyejua mahali pa kutokanyaga yeye, atasemaje hakujua mahali pa kutomlaza mama yake?

Lakini kumhamisha mama ni kuulizwa kwa nini. Kutengeneza ni kuvunja marumaru alizozisifu askofu. Akaendelea kupaka rangi.

Mwaka wa sita wakatarajiwa wageni wa semina. Siku mbili kabla hawajafika, mzee akaingia chumbani kwa mama na kopo lake la rangi. Akaona godoro la mjukuu, binti aliyekuwa akilala na bibi yake, halipo.

"Mama, huyu mtoto analala wapi siku hizi?"

"Kwa shangazi yake. Nilimhamisha tangu Pasaka. Dari hili litaanguka, mwanangu."

Mzee akaweka kopo chini.

"Kumbe unajua. Sasa mbona wewe hukuhama?"

"Nikihama mimi, watu watauliza. Utawajibu nini?"

Mzee akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kisha akasema, "Wageni wakiondoka Jumapili nitakuhamisha, mama. Na ile sakafu tutaivunja."

"Sawa, mwanangu."

Wapendwa, zege la upande wa chini wa sakafu ile liliporomoka Jumamosi, saa moja asubuhi. Huko juu mgeni mmoja alikuwa anaoga. Alisikia kishindo, akafunga maji, akasikiliza kidogo, akafungua tena. Chini ya miguu yake hakuna hata marumaru moja iliyopasuka.

Najua mnangoja niseme kwamba mama alikuwa ametoka kuota jua. Hakuwa ametoka.

Sisi tumezoea kuhubiriwa kwamba mwenye kuficha dhambi itamrudia. Ni kweli, lakini wengi wetu hatuogopi, maana tumeshajua mahali pa kuogea. Mlevi wa siri anajua saa ya kurudi. Baba mwenye nyumba ya pili anajua njia ya kupita. Sisi tunaosimama mbele yenu na vitabu tunajua la kusema mkituuliza. Tunakaa mbali na unyevu wetu wenyewe. Swali ni nani analala chini yake. Mkeo? Binti anayekufanyia kazi nyumbani? Mtoto wako?

Nanyi mnadhani hawajui. Wanajua. Wamekung'uta vyandarua vyao miaka mingi na kunyamaza, wasije wakatuaibisha. Hiyo ndiyo inayonitisha mimi, kuliko zege lenyewe: kwamba heshima yangu hapa mbele huenda kuna mtu anailipia kwa kubaki kitandani.

Kwa hiyo ukifika nyumbani leo usiwaulize kama wako salama. Watakujibu, sawa. Watoe kwanza. Halafu panda juu na nyundo uvunje sakafu yako, wageni wakiwa wamekaa sebuleni wanasikia.