Kisima Kiitwe Kwa Nani?

Nikisema "maji", ninyi itikieni "yapande!" Maji! Aa, hiyo sauti ya watu waliolala njaa. Maji! Hapo sawa. Sasa sikilizeni vizuri, maana hadithi hii nikiifikisha mwisho mimi najitoa, kazi inabaki kwenu.

Katika kijiji cha Chilendu walikuwako watu watatu. Mzee Chidawali, mchunga ng'ombe, alihesabu kwa mafundo ya kamba vizuri kuliko wengine kwa kalamu. Sechelela, fundi bomba, hakuamini kitu mpaka akipime mwenyewe. Na Bibi Damari alisuka kata, zile za kuweka kichwani chini ya ndoo. Ukivaa kata yake, ndoo haimwagiki hata ukicheka.

Lakini mwenye hadithi ni Mama Nyemo, mwenyekiti wa kamati ya maji, mjane wa Malogo.

Miaka minane nyuma, kijiji kilimtuma Malogo mjini akanunue pampu ya kuzamisha kisimani. Akachagua dubwana kubwa kuliko yote dukani, kwa mapenzi tu, watu wake washibe maji. Hakupima kitu. Pampu ilinyonya mpaka maji yakashuka chini yake, ikazunguka pakavu, na siku ya kumi na tisa ikaungua. Basi Chilendu wakapata msemo. Redio ikizima ghafla, "pampu ya Malogo hiyo." Ndoa ikivunjika kabla ya mavuno, "pampu ya Malogo." Mwenyewe alizikwa na utani huo. Mama Nyemo aliendelea kuusikia kila alfajiri alipokuwa akifukua maji kwenye mchanga wa mto na wenzake. Alicheka nao, ila ulimuuma, ulimuuma sana.

Mwaka huu kijiji kikachanga tena, fedha ya pampu moja, haina pacha. Mama Nyemo alijiambia, "Nikikosea na mimi, mwanangu atatembea na jina hili wapi?"

Na kuna jambo jingine mlijue. Chilendu, kila chanzo cha maji huitwa kwa jina la mtu aliyefanya maji yapatikane. Maji ya kwanza yakimwagika, mwenyekiti hutamka jina, mara moja, basi. Jina moja tu, kwa sababu mtoto hutumwa "nenda Kwa fulani ukachote", na majina mawili hayakai mdomoni.

Haya. Mafundi wa mjini walikuja kukifufua kisima. Wakavuta maji kutwa nzima kwa pampu yao ya majaribio, wakaondoka na karatasi zao, na karatasi hazijarudi hadi leo. Lakini Mzee Chidawali alikuwapo na kamba yenye kopo. Asubuhi, kabla ya kuvuta, kopo lilisema chubwi! kwenye pima ya ishirini. Watu wakashangilia, wakaenda zao. Yeye akabaki juani.

"Mzee, si umeshapima?" Mama Nyemo alimuuliza.

"Mwanangu, kisima cha ng'ombe hupimwa jioni, wakishakunywa. Haya ya asubuhi yanatuchekea tu."

Jioni, maji yakiwa bado yanavutwa, kopo lilisema chubwi kwenye pima ya thelathini na tatu, na hapo yakatulia. Mzee akafunga fundo. Bila fundo lile, pampu ingening'inizwa juu mno, maji yangeikimbia, nayo ingeungua kama ya kwanza.

Sechelela akalipokea fundo, lakini hakuridhika. Tanki liko kilimani, kwenye shule, na wanakamati wote walikuwa wakipigia hesabu shimo peke yake.

"Maji yakifika mdomoni mwa kisima si tumemaliza?" aliuliza mmoja.

"Kwani tanki litashuka kuyafuata?" akajibu Sechelela.

Akachukua mpira wake mweupe uliojaa maji, ule ambao mafundi husawazishia kuta, akapanda kilima hatua kwa hatua akipigilia vijiti. Kilima kikatoa pima kumi na moja. Akajumlisha na za kisimani, akaongeza kidogo kwa sababu maji huchoka njiani yakikwaruzana na bomba. Ikawa pampu ya kusukuma pima hamsini. Bila vijiti vile, maji yangechungulia nje yakaishia hapo, tanki likabaki nyumba ya popo.

Wakaenda mjini wanawake watatu, Mama Nyemo, Sechelela, na Bibi Damari naye kajiunga, eti anakwenda kumwona mjukuu. Muuza duka akawawekea pampu mezani. "Hii inasukuma pima hamsini na zaidi! Imebaki moja!" Sechelela akaitikia kwa kichwa. Mama Nyemo akaanza kufungua fundo la kanga yake.

"Ngoja kwanza, mama," akasema Bibi Damari.

Akatoa kata kwenye mkoba. Mafundi walikuwa wameingiza bomba jembamba ndani ya lile la zamani kuzuia mchanga, na kila mtu bado alikitaja kisima kwa upana wake wa zamani. Bibi, siku ile akiwaangalia, mikono yake haikutulia: alisuka kata ya kutosha kabisa mdomo wa lile bomba jipya. Sasa akaisimamisha pampu juu ya kata. Ikaizidi kwa upana wa kidole.

"Haiingii hii."

"Bibi, pampu inapimwa kwa kata?" muuza duka akacheka.

"Na wewe kisima chetu umekipima kwa nini?"

Duka zima likaangua kicheko, mwenye duka akiwamo. Akaenda stoo, akarudi na pampu nyembamba, ndefu, yenye nguvu ile ile, isiyovuta zaidi ya maji ambayo kisima kinatoa. Bila kata ile, pampu ingekwama shimoni, na shimo lingekuwa kaburi lake.

Siku ikafika. Sechelela akawasha umeme wa jua. Bomba la kilimani likakohoa upepo, likakohoa tena, kisha maji! Vigelegele vikapanda mpaka ng'ombe wakatimka. Mama Nyemo alilia bila kujificha. "Asanteni. Asanteni, Mungu awaone," akawa anasema tu, akiwashika mikono mmoja mmoja.

Watu wakasogea karibu wasikie jina. Akafungua mdomo.

"Ngoja kabla hujataja," akasema Mzee Chidawali. "Nisiwe mnafiki. Jioni ile nilibaki kwa sababu ya marehemu. Pampu yake isingeungua, ningeshangilia asubuhi na wenzangu, nikaenda nyumbani."

"Hata mimi," akasema Sechelela polepole. "Nilianza kupima kila kitu siku ile ilipoungua. Nilikuwa darasa la sita."

Bibi Damari akatoa kata yake mkobani. Alimvika Mama Nyemo ile kata kichwani, akamtwisha ndoo ya kwanza, akarudi nyuma.

Basi amesimama hapo, ndoo imetulia, maji yanamwagika nyuma yake. Fundo, vijiti, kata, na mtu aliyekosea kwa mapenzi. Jina hutamkwa mara moja tu, na Chilendu nzima inamtazama mdomo.

Haya, mimi nimejitoa. Wewe ungekuwa ndiye mwenye ndoo ile kichwani, watoto ungewatuma wakachote Kwa nani?