Ubao wa Kabureta Uitwe Nani?

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura na fisi, bali zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na gereji moja Ifakara, nyuma ya soko la mchele. Haikuwa na geti wala kibao, lakini ilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ndiyo iliyozua maneno. Kifaa chochote kilichobuniwa pale kiliitwa kwa jina la aliyekibuni. Kile cha kung'olea beringi kilitengenezwa na marehemu Libaba. Mpaka leo fundi akikwama anapaza sauti, "Nipe Libaba!" na Libaba analetwa. Mtu yuko kaburini, lakini kila siku anaitwa kazini. Nani asingetaka?

Kasiani alitaka. Alikuwa fundi mkuu wa gereji, mikono yake imefungua injini za mji mzima, lakini kwa jina lake haikuitwa hata bisibisi. Jambo hilo lilimuuma, wala hakulificha.

Basi siku moja akaja Mama Remijia, mjane, mnunuzi wa mpunga, amepanda pikipiki kubwa aliyoachiwa na mumewe. Pikipiki yenye pistoni mbili na kabureta mbili! Zilikuwa chache wilayani, na zote zilikuwa na ugonjwa mmoja.

"Fundi," akasema, "inanitetemesha mpaka meno yanagongana. Watu wananiambia niiuze chuma chakavu. Siiuzi ng'o. Ila kama imewashinda, niambieni leo nijue."

Kasiani akainama, akasikiliza ekzosi hii, akasikiliza ile. Akajua: kabureta, zile zinazovuta hewa na kuichanganya na petroli, hazivuti sawa. Moja inavuta, nyingine inasinzia, kama ng'ombe wa jembe wasiopatana. Akakaza skrubu, akasikiliza. Akalegeza skrubu, akasikiliza. Kutwa nzima ni kukaza na kulegeza, na pikipiki ikatetemeka vilevile.

Jirani pale alikuwapo Matei, mwashi, anajenga ukuta wa duka. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Ewe Kasiani! Kupima kwa sikio? Mimi nikipima msingi kwa jicho, nyumba inalala. Sisi tunapima kwa mpira."

Akamwonyesha mpira wake mrefu wa plastiki unaoonekana ndani, wenye maji. Maji ya ncha hii na maji ya ncha ile hukaa usawa mmoja siku zote. "Kila kabureta ipe ncha yake," akasema. "Itakayovuta zaidi itapandisha maji upande wake. Utaona kwa macho yako." Kisha akachukua kisu, akaukata mpira wake mwenyewe, akampa Kasiani kipande kirefu. Siku ile ukuta wa Matei haukupimwa.

Kasiani akatafuta ubao wa mlango mbovu. Akaugongomelea mpira juu yake, ushuke upande huu, upinde chini, kisha ukwee upande wa pili. Badala ya maji akatia oili, kwa maana maji yakiingia kwenye injini ni msiba. Akachomeka ncha mbili kwenye vitundu vya kabureta mbili, akawasha.

Lo! Kufumba na kufumbua, injini imeinywa oili yote! Moshi mweupe ukajaa gereji, mafundi wakatoka wanakohoa, soko zima likaja kucheka. Kasiani alitamani ardhi ipasuke immeze.

Aliyecheka kuliko wote ni Bi Siwema, muuza shanga mlangoni. Alipokwisha kufuta machozi akauliza, "Kwani inakunywa kwa pupa kwa nini? Si koo ni pana? Ibaneni koo."

"Niibane na nini, dada yangu?" akasema Kasiani. "Nikiziba, haivuti kabisa."

Bi Siwema akatazama shanga za mezani. Matundu yake mapana mno. Akaingia nyuma ya pazia la mama ntilie, akarudi na shanga mbili kiganjani, tundu lake halipitishi hata sindano nene. Mafundi wakaelewa zimetoka wapi, maana shanga za namna ile hazikai mezani, hukaa kiunoni. Wote wakatazama chini, wakajifanya wanatafuta spana.

"Inueni macho," akasema. "Ni za bibi yangu hizi. Uzi nimekwisha ukata, basi msinipotezee bure."

Kasiani akalainisha mpira kwa maji ya moto, akasukumia shanga moja huku, shanga moja kule. Akatia oili mpya, akawasha. Oili haikuruka. Ikapanda polepole upande wa kushoto, ikatulia. Kasiani akagusa skrubu, oili ikashuka. Akagusa tena kidogo. Oili ikasimama sawa pande zote mbili!

Mtetemo ukakoma. Mama Remijia akaweka kikombe cha chai juu ya tangi, na chai haikumwagika. Akalia mbele za watu. "Ndivyo ilivyokuwa ikinguruma marehemu akirudi nyumbani." Gereji ikalipuka kwa vigelegele. Mji wetu, enyi wasikilizaji, mji wetu huu wa mchele, ulitengeneza kipimo kwa mlango mbovu!

Sasa desturi inasema: mwenye injini ya kwanza kupona ndiye anayeandika jina kwenye kifaa. Mama Remijia akapewa brashi na rangi nyekundu.

"Andika Matei," akasema mwashi. "Bila mimi mngekuwa bado mnasikiliza. Nami ukuta ukiisha naondoka. Nani atakumbuka kwamba wazo lilitoka kwa mwashi?"

"Andika Siwema," akasema muuza shanga. "Bila mimi mna mpira unaokunywa oili. Gereji hii haijapata kuita jina la mwanamke. Na uzi wa bibi yangu hautatimia tena."

"Andika Kasiani," akasema fundi. "Mpira ulikuwa mpira, shanga zilikuwa shanga. Mimi ndiye niliyevifanya kifaa, nikachekwa, nikarudia. Maisha yangu yote nimemwita Libaba. Nami nataka kuitwa."

"Yaandikwe yote matatu!" akadakia mtu.

Mafundi wakakataa. Mwenye grisi mikononi na injini inayonguruma haiti majina matatu. Anaita moja.

Mama Remijia amechovya brashi, rangi inadondoka. Na mlangoni imekwisha fika pikipiki nyingine kutoka Malinyi, inatetemeka, na fundi mmoja amenyoosha mkono anataka ubao. Kinywa kiko wazi. "Nipe..."

Semeni nyinyi, kabla rangi haijakauka. Aite jina gani? Je, nani alistahili?